Gridi Iufuate Wimbo: Mhadhara Kuhusu Tempo ya Projekti na Rekodi za Zamani



Programu nyingi za kurekodia muziki, ukifungua projekti mpya, hukupokea na tempo ya mapigo 120 kwa dakika. Namba hiyo haikutoka kwenye wimbo wowote. Ni mahali pa kuanzia tu, kila pigo likichukua nusu sekunde kamili. Sasa chukua wimbo wa dansi uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970, ukahamishwa kutoka kwenye utepe kuwa faili la kompyuta, uuweke ndani ya projekti hiyo. Kliki, yaani mlio wa programu unaohesabu mapigo, itakwenda kwake na bendi itakwenda kwake. Prodyuza anayetaka kuongeza kinanda, kutengeneza rimiksi, au kuandika nota za gitaa ili wanafunzi wajifunze, ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuuvuta na kuubana wimbo mpaka kila pigo likae juu ya mstari wa gridi. Au anaweza kuupima wimbo na kuisogeza gridi, tempo ya projekti ipande na kushuka pale bendi ilipopanda na kushuka. Ninachokuja kukitetea hapa ni kwamba kwa rekodi iliyopigwa na watu bila kliki, njia hii ya pili ndiyo itangulie, na kwamba ile ya kwanza, pale inapohitajika kweli, ije baadaye na ifanywe kwenye nakala. Sisemi hivyo kwa kuabudu vya kale. Hesabu ndiyo inayodai hivyo, na sauti yenyewe pia.

Tuanze na hesabu, maana wengi huidharau. Tempo hupatikana kwa kuhesabu mapigo, kuzidisha kwa 60, na kugawanya kwa sekunde zilizopita. Ukihesabu mapigo 128 yaliyochukua sekunde 66.2, tempo ni takribani 116. Hapo mtu hufurahi, akaandika 116 kwenye projekti, akadhani kazi imekwisha. Lakini kosa dogo la tempo halibaki dogo. Linajilimbikiza kadiri wimbo unavyokwenda. Tuseme wimbo unakwenda kwa mapigo 118 kamili na wewe umeandika 118.5. Baada ya dakika 4 bendi imepiga mapigo 472, gridi imepiga 474. Umeachwa mapigo mawili mazima kwa sababu ya nusu ya namba. Hata ukikosea kwa 0.1 pekee, mwishoni mwa dakika hizo 4 utakuwa umetengana na bendi kwa karibu milisekunde 200, na milio miwili ya ngoma iliyopishana hata kwa milisekunde 30 au 40 tayari huanza kusikika kama mapigo mawili. Huo ni wimbo ambao mwendo wake haubadiliki kabisa, na wimbo wa namna hiyo ni nadra sana kwa watu wanaopiga kwa mikono.

Chukua sasa wimbo unaofanana zaidi na hali halisi: unaanza na mapigo 104, unaongezeka polepole, na baada ya dakika 5 umefika 112. Wastani wake ni 108. Prodyuza akiweka gridi ya 108, atakagua mwanzo na kuona mambo ni sawa, kisha ataruka hadi pigo la mwisho na kuona nalo limekaa mahali pake. Ataridhika. Lakini katikati, kwenye dakika ya pili na nusu, bendi itakuwa nyuma ya gridi kwa mapigo 5 kamili. Wastani umekubaliana na ncha mbili za wimbo na umekosana na wimbo wenyewe. Mfano huu ni wa hesabu tu, lakini unaonyesha kwamba namba moja haiwezi kuubeba wimbo wa aina hii hata ikitafutwa kwa usahihi wa desimali nne. Kinachohitajika ni ramani ya tempo, yaani orodha ya mahali tempo inapobadilika na kiasi inachobadilika.

Kwa nini nyimbo hizo zinabadilika mwendo? Sababu iko kwenye namna zilivyopigwa. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, au DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilipoingia studio ya redio zilipiga kwa pamoja, waimbaji na magitaa na tarumbeta na tumba, chumba kimoja, mbele ya maikrofoni chache. Hakuna aliyekuwa na kliki masikioni. Mwendo ulishikwa na watu waliozoeana kwa miaka ya kupiga pamoja ukumbini usiku hadi usiku, na uliwekwa pale ambapo wimbo uliutaka. Zaidi ya hayo, dansi letu lina muundo unaodai mabadiliko. Sehemu ya kwanza husimulia habari kwa utulivu, mashairi yasikike. Kisha hufika chemko, magitaa yanashikana, waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi, wachezaji wanajaa uwanjani. Ndugu zetu wa Kongo wanaiita sehemu hiyo sebene. Pale tempo huweza kupanda ghafla au kujivuta juu kidogo kidogo, na kupanda huko kumo ndani ya utunzi. Taarab ya Unguja nayo ina lake. Udi, ganuni au fidla ikipewa taksimu, yaani nafasi ya kupiga peke yake kwa kubuni papo hapo, mpigaji hutembea ndani ya makamu bila pigo la kuhesabika, na hapo gridi haina pa kushika kabisa. Kuulizia tempo ya taksimu ni kumpima mtu kwa shati lililokwisha kushonwa kwa ajili ya mwingine. Fundi mwenye busara huacha sehemu hiyo ielee kwa sekunde, akaanza kuhesabu pale dumbaki inapoingia.

Sasa tusogee ndani ya pigo lenyewe, maana hapa ndipo madhara ya gridi yanapojificha. Mtafiti Rainer Polak, katika utafiti wake kuhusu muziki wa ngoma za jembe (djembe) wa Mali uliochapishwa mwaka 2010, alipima vipande ambavyo pigo moja hugawanywa, akaonyesha kwamba vipande hivyo havilingani kwa urefu, na kwamba kutolingana huko kunarudiwa kwa uthabiti kutoka pigo hadi pigo. Wapigaji hawakosei, wanatunza umbo. Gridi ya kawaida inagawa pigo katika sehemu sawa, kwa hiyo ukiuvuta muziki huo hadi kila mlio ukae kwenye mstari, umeondoa kile hasa kinachoutofautisha na mashine. Sidai kwamba tumba za Dar es Salaam zinagawa pigo kama jembe za Bamako. Kila mahali pana mgawanyo wake na unapaswa kupimwa. Kinachonihusu ni kwamba hatuna ruhusa ya kudhani usawa kabla ya kupima. Mwaka 2011 Holger Hennig na wenzake nchini Ujerumani nao walionyesha kwamba tofauti ndogo za muda katika upigaji wa binadamu hazitawanyiki ovyo. Zina uhusiano wa muda mrefu: kuchelewa kwa sasa kunahusiana na kilichotokea mapigo mengi nyuma. Hilo linawajibu wale wanaosema kwamba ukishanyoosha kila kitu unaweza kubonyeza kitufe cha kurudishia ubinadamu. Kitufe cha namna hiyo kwa kawaida hutawanya milio kwa bahati nasibu, ilhali kilichoondolewa kilikuwa na mpangilio.

Kuna pia tatizo la kimwili ambalo halikwepeki. Katika rekodi ya kisasa yenye njia nyingi za sauti, kila chombo kina mstari wake, na unaweza kusogeza drams bila kumgusa mwimbaji. Rekodi ya bendi nzima kwenye utepe mmoja haina nafasi hiyo. Sauti ya mwimbaji, besi na tumba zimo pamoja, zimechanganyika tangu maikrofoni. Ukilivuta pigo la tumba lililochelewa kwa milisekunde 25, umelivuta pia neno lililokuwa likiimbwa wakati huo, na mwimbaji ambaye alikuwa ameliachia neno lianguke nyuma ya pigo makusudi, sasa anasukumwa. Na kuvuta sauti bila kubadilisha kimo chake ni kazi ngumu kwa mashine. Programu hukata sauti katika vipande vidogo mno, ikavitenganisha au kuvipandanisha, ikajaza mapengo kwa makisio. Sauti ndefu kama ya fidla huvumilia. Mlio mkali wa mwanzo, yaani kiganja kikigonga ngozi au ukucha ukigusa waya wa gitaa, hutawanyika na kupoteza makali. Muziki wetu umejaa milio hiyo. Anayesikiliza kwa makini ataona tumba zimekuwa na utelezi fulani, kana kwamba zinapigwa kwa kitambaa, asijue sababu.

Nisieleweke kwamba kila kilichomo kwenye rekodi ni kitakatifu. Liko kosa moja ambalo lazima lirekebishwe kabla ya kupima chochote, nalo si la wanamuziki. Ni mwendo wa mashine ya utepe. Utepe ukichezwa haraka kuliko ulivyorekodiwa, tempo na kimo cha sauti hupanda pamoja. Ongezeko la asilimia 1 huinua kimo kwa takribani senti 17, senti 100 zikiwa nusu toni. Ongezeko la karibu asilimia 6 huinua wimbo mzima kwa nusu toni, na wimbo wa mapigo 110 ukawa wa 116 na nusu. Kwa hiyo anayepima tempo ya faili bila kuuliza utepe ulichezwa vipi anaweza kupima hali ya mkanda wa mpira wa mashine. Njia za kugundua zipo. Mojawapo ni mvumo wa umeme. Umeme wa Afrika Mashariki una mzunguko wa mara 50 kwa sekunde, na mitambo ya zamani mara nyingi iliacha mvumo hafifu wa 50 na 100 ndani ya rekodi. Ukiukuta mvumo huo kwenye 51, utepe ulikwenda haraka kwa asilimia 2. Tahadhari mbili: mtandao wa umeme nao haukuwa thabiti kila siku, na mvumo mwingine unaweza kuwa umeingia wakati wa kuhamisha, ambao utakaa kwenye 50 hata kama muziki umepotoka. Kwa hiyo ushahidi huu upimwe pamoja na mwingine, kwa mfano kimo cha vyombo visivyolegea kama kinanda cha umeme. Kwa sahani za santuri za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kama zile za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, mambo ni magumu zaidi, kwani mwendo halisi wa kurekodia haukuwa lazima uwe mizunguko 78 kwa dakika inayotajwa kwa kawaida. Marekebisho haya hufanywa kwa kubadilisha mwendo wa rekodi nzima kwa uwiano mmoja, na uwiano kati ya pigo na pigo haudhuriki.

Mwendo wa utepe ukisharekebishwa, ramani ya tempo inatengenezwaje? Programu za leo zina vifaa vya kukisia tempo, na si vya kudharauliwa. Logic Pro tangu mwaka 2018 inakuuliza waziwazi kama rekodi ifuate projekti au projekti ifuate rekodi. Ableton Live inakuruhusu kukifanya kipande cha sauti kiwe kiongozi wa tempo, ingawa ukiiachia yenyewe hupenda kukivuta. Lakini kisio la mashine lina udhaifu unaojulikana. Inaweza kusikia mara mbili au nusu: singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, ya mapigo 240 ikaandikwa 120. Kwenye mahadhi ya sita kwa nane kama chakacha, ambapo kila pigo linabeba vijipigo vitatu, inaweza kuvikusanya viwili viwili na kukupa 150 pale ambapo mchezaji anakanyaga 100. Na kuna muziki ambao swali lenyewe la pigo moja halina jibu moja: kwenye marimba ya amadinda ya Buganda, wapigaji wawili hupachika noti zao kila mmoja katikati ya za mwenzake, na kila mmoja huhisi kwamba noti zake ndizo ziko juu ya pigo. Mashine itachagua upande mmoja bila kukuambia kwamba imechagua. Ndiyo maana sikio la mtu anayejua kuucheza muziki husika haliwezi kustaafishwa.

Kwa hiyo fundi na aanze kwa kulitafuta pigo la kwanza la kipimo (baa) cha kwanza, na kuliweka alama. Kabla hajagusa tempo, ahakikishe kwamba faili la wimbo limefungwa kwenye sekunde, lisifungwe kwenye mapigo; programu ya Reaper na nyinginezo zina mpangilio huo, na asiyeubadilisha atashangaa wimbo ukikimbia kila anaporekebisha gridi. Kisha asikilize na kuweka alama kwenye pigo la kwanza la kila vipimo vinne. Kwa nini vinne? Ukiweka alama kwenye kila pigo, umezigeuza zile tofauti ndogo tulizozitaja kuwa mabadiliko ya tempo, na kinanda utakachoongeza kitatetemeka. Ukiweka mbili tu, mwanzo na mwisho, utarudi kwenye kosa la wastani. Vipimo vinne hufuata pumzi ya bendi bila kuhesabu kila mshtuko. Panapokaribia chemko, alama ziwe za karibu zaidi, pengine kila kipimo, kwa sababu hapo mwendo hubadilika ndani ya sekunde chache na gridi ya uvivu itachelewa kufika. Kazi hii kwa wimbo wa dakika saba si ya kuogofya. Inamtaka mtu akae na wimbo na kuusikiliza mara kadhaa, jambo ambalo anayetaka kuugusa wimbo wa watu alipaswa kulifanya hata hivyo.

Zipo hoja za upande wa pili, na zina uzito. Ya kwanza husema kwamba wazee wale wangekuwa na kliki wangeitumia, na kwamba kupanda kwao mwendo kulikuwa upungufu wa zana. Hoja hii inasahau kwamba metronomu ya Johann Maelzel ilisajiliwa mwaka 1815. Kifaa cha kushika mwendo kilikuwepo kwa zaidi ya karne moja kabla ya dansi, na hata okestra za Ulaya kilikozaliwa zilikitumia kujizoezea, zikapanda jukwaani zikimfuata mtu. Wala haikuwa habari ya umaskini wa studio. Rolling Stones walipotoa Honky Tonk Women mwaka 1969, wakiwa na studio bora za London, walitoa wimbo unaoongeza mwendo waziwazi kuelekea mwisho, na ukapendwa. Tunachoweza kukisema kwa haki ni kwamba katika rekodi fulani kuna mahali ambapo mtu kweli aliteleza: mpiga tumba alikosa kuingia, bendi ikayumba kwa kipimo kimoja. Makosa ya namna hiyo yapo. Lakini kuyatambua kunahitaji kwanza kuujua mwendo wa kawaida wa bendi hiyo, na ramani ya tempo ndiyo inayouonyesha.

Hoja ya pili ni ya sokoni. DJ anahitaji kuunganisha nyimbo, na msikilizaji wa leo, aliyelelewa na Bongo Flava iliyotengenezwa kwa mashine tangu biti ya kwanza, anauona mwendo unaopanda kama ulegevu. Sikatai mahitaji ya DJ. Ni kazi na ina heshima yake. Ninachokataa ni mpangilio wa hatua. Ukiwa na rekodi isiyoguswa pamoja na ramani yake, unaweza wakati wowote kuiagiza kompyuta itoe nakala ya mapigo 116 yasiyotikisika, na nakala hiyo itakuwa safi zaidi kuliko ya kukisia, kwa sababu kila vipimo vinne vinajulikana vilipo. Ukiwa na nakala iliyonyooshwa pekee, huwezi kurudi. Ile tofauti kati ya 104 ya ubeti na 112 ya chemko haimo tena mahali popote kwenye faili. Njia moja inaacha milango yote wazi, nyingine inafunga mmoja kwa kufuli. Hilo kwangu linatosha hata kama mtu hana mapenzi yoyote na dansi.

Ya tatu ndiyo ninayoiona nzuri kuliko zote, nayo ni singeli. Vijana wa Dar es Salaam walichukua vipande vya taarab, wakavikimbiza hadi mapigo 200 na hata 300 kwa dakika, wakazaa muziki ambao sasa unachezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Hawakumwomba mtu ruhusa ya kuhifadhi mwendo. Je, si uthibitisho kwamba kuvuta na kubana ndiko ubunifu wenyewe? Tazama lakini walichokifanya. Mara nyingi walikiharakisha kipande kizima, kimo na tempo vikipanda pamoja kama utepe unaokimbia. Umbali kati ya mlio na mlio ulipungua kwa uwiano uleule mmoja, na mdundo wa ndani ukabaki na umbo lake. Ndiyo maana kinanda cha taarab bado kinatambulika chini ya kasi ile. Singeli iliubadilisha mwendo bila kuunyoosha. Anayenyoosha wimbo kwenye gridi hufanya kinyume chake: huacha mwendo ulivyo kwa wastani, akavunja uwiano wa ndani. Mimi naiona singeli ikiwa jasiri zaidi na yenye adabu zaidi kwa chanzo chake kuliko rimiksi nyingi za heshima zinazotangazwa kuwa zinaenzi wakongwe.

Iko hoja ya nne, ya gharama na muda, nayo sitaikalia. Anayelipwa kwa saa anaweza kuiandika saa ya kutengeneza ramani kwenye ankara yake.

Ombi langu ni kwa makundi mawili. Kwa wanaohamisha hazina za redio na za watu binafsi kuwa faili: andikeni mashine iliyotumika, mwendo wake na marekebisho yaliyofanywa, na mkabidhi taarifa hizo pamoja na sauti, kwa sababu bila hizo kila namba ya tempo tutakayoitoa baadaye itakuwa na shaka. Kwa maprodyuza na walimu wa studio: wimbo wa zamani ukiingia mikononi mwenu, hifadhini faili lake bila kuligusa, tengenezeni ramani ya tempo, na muiweke ramani hiyo kwenye folda moja na wimbo ili atakayekuja baada yenu asianze upya. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweze kuhesabu wimbo mzima wa dansi kwa mguu wake, ubeti hadi chemko, kabla hajaonyeshwa kilipo kitufe cha kukisia tempo.